Maili 1,500: namba isiyomkera mtu

Ukienda gulio lolote la Jumamosi hapa Iowa, au ukialikwa kwenye zile karamu ambapo meza ndefu hupangwa katikati ya shamba na watu wakalipa hela nyingi kula nyanya zilizochumwa hatua ishirini kutoka walipokaa, kuna namba moja utakutana nayo. Iko kwenye mabango, kwenye mifuko ya kitambaa, kwenye vipeperushi vya shule: chakula cha Mmarekani husafiri maili 1,500 kabla ya kufika mezani. Ni kama kilomita 2,400, yaani utoke Dar es Salaam hadi Mwanza, kisha ugeuze urudi.

Ni namba tamu. Inakaa kichwani, mtoto anaielewa, na mwanasiasa wa chama chochote anaweza kuitaja jukwaani bila kupoteza kura hata moja. Kwangu mimi hilo la mwisho ndilo linaloitia shaka. Katika jimbo ambalo kilimo ndiyo siasa yenyewe, namba ya chakula isiyomkera mtu yeyote lazima itakuwa imekwepa jambo fulani. Nitajaribu kuonyesha imekwepa nini. (Msomaji ajue mapema nimeegemea wapi: mimi hushinda maabara nikipima naitreti kwenye chupa za maji ya mashambani.)

Kwa wasioijua Iowa: ni jimbo la katikati ya Marekani, kati ya mito Mississippi na Missouri. Zamani sehemu yake kubwa ilikuwa prairi, yaani uwanda wa nyasi ndefu na maua ya porini, mimea ambayo mizizi yake hushuka mita mbili, tatu, na mingine zaidi. Mizizi hiyo ilikufa na kuota upya kwa maelfu ya miaka, ikaacha udongo mweusi ambao mkulima wa kwetu akiushika atauliza kama unauzwa. Leo prairi ya asili imebaki chini ya asilimia 0.1. Palipokuwa na nyasi sasa pana mahindi, takriban ekari milioni 13, na soya karibu ekari milioni 10. Mahindi yanayovunwa ni zaidi ya tani milioni 60 kwa mwaka, kuliko ya Tanzania, Kenya na Uganda zikijumlishwa.

Na karibu hakuna mtu anayeyala. Zaidi ya nusu huchachushwa kuwa ethanoli ya kuchanganya na petroli. Mengi ya yanayobaki huliwa na nguruwe, kuku na ng'ombe, au husafirishwa. Yale mahindi matamu ya kuchemsha, ambayo miji huyafanyia sherehe kila kiangazi, hayafiki hata asilimia 1 ya eneo lote. Saladi, nyanya, brokoli na tufaha za dukani hutoka California, Washington, Mexico. Ni kama kijiji cha wavuvi kinachonunua samaki wa kopo. Kwa hiyo hamu ya watu wa hapa ya kula kilichooteshwa jirani naielewa kabisa, tena naiheshimu. Ugomvi wangu ni na namba tu.

Namba yenyewe ina kwao. Mwaka 2001 kituo cha utafiti kiitwacho Leopold Center for Sustainable Agriculture, kilichokuwa Chuo Kikuu cha Iowa State mjini Ames, kilitoa ripoti yenye jina "Food, Fuel, and Freeways". Rich Pirog na wenzake walichukua takwimu za soko kuu la jumla la Chicago na kuuliza: mboga na matunda yanayofika hapa kwa lori yametoka umbali gani kwa wastani? Mwaka 1981 jibu lilikuwa maili 1,245. Mwaka 1998 lilikuwa maili 1,518. Miaka miwili baada ya ripoti hiyo kituo kilitoa nyingine iliyolinganisha mazao ya kawaida, maili 1,494, na mazao ya wakulima wa Iowa waliouzia taasisi za karibu, maili 56. Hapo ndipo "1,500" ilipozaliwa.

Nimeisoma ripoti ya 2001 zaidi ya mara moja na ninasema wazi: ni kazi nzuri. Waandishi wanaeleza walipata wapi takwimu, kwa nini Chicago, na hesabu yao inahusu mazao gani. Ni mboga na matunda mabichi. Haihusu nyama wala maziwa, mkate, mafuta ya kupikia au soda. Lakini namba ikishatoka kwenye ripoti haitembei na tanbihi zake. Ilipofika kwenye bango, "mboga na matunda yaliyofika Chicago kwa lori mwaka 1998" ilikuwa imeshakuwa "chakula". Miaka ishirini na zaidi baadaye bado ni "chakula", na mwaka 1998 haupo tena.

Tuseme hilo ni kosa la wachora mabango. Twende kwenye hoja yenyewe, kwamba umbali ni mafuta, mafuta ni hewa ukaa, hivyo kula cha karibu ni kuokoa hali ya hewa. Ripoti ilifanya hesabu hiyo pia. Ilikuta kwamba mfumo wa kawaida hutumia mafuta mara 4 hadi 17 zaidi ya mifumo ya karibu. Mara 17, si mchezo, na namba hiyo nayo ilipendwa sana. Kuna nyingine iliyo humohumo ambayo sijawahi kuiona kwenye bango hata moja. Waandishi walikadiria kwamba watu wa Iowa wakiongeza asilimia 10 ya mboga na matunda yao kutoka mashamba ya jimboni, wataokoa galoni 280,000 hadi 346,000 za mafuta kwa mwaka, na kupunguza pauni milioni 6.7 hadi 7.9 za hewa ukaa.

Hebu tugawe, maana mamilioni hudanganya macho. Pauni hizo ni kama tani 3,000 hadi 3,600. Iowa wakati huo ilikuwa na watu wapatao milioni 2.9. Kila mtu, kwa mwaka mzima, anaokoa kilo moja na kidogo ya hewa ukaa. Kwa upande wa mafuta ni chini ya nusu lita kwa kichwa. Haijazi chupa ndogo ya maji ya dukani. Mtu akiendesha gari kilomita 10 kwenda gulioni na 10 kurudi, Jumamosi moja tu, ameshateketeza zaidi ya alichookoa mwaka mzima. Mara 17 ya kitu kidogo bado ni kitu kidogo.

Kwa nini kidogo hivyo? Kwa sababu lori kubwa lililojaa hubeba mzigo mwingi sana kwa mafuta yake, na kwa sababu safari si sehemu kubwa ya hadithi. Mwaka 2008 Christopher Weber na H. Scott Matthews wa Carnegie Mellon walifuatilia gesijoto za chakula cha kaya za Marekani tangu shambani. Uzalishaji wenyewe ulibeba asilimia 83. Usafiri wote, hata ule wa kupeleka mbolea na chakula cha mifugo shambani, asilimia 11. Ile safari ya mwisho, kutoka kwa mzalishaji hadi dukani, ambayo ndiyo bango linaizungumzia, asilimia 4. Hitimisho lao lilikuwa kwamba familia ikibadilisha nyama nyekundu na maziwa ya chini ya siku moja kwa wiki, ikala kuku, samaki, mayai au mboga, inapunguza zaidi kuliko ikinunua kila kitu kutoka jirani.

Hiyo asilimia 83 ni nini? Kwa sehemu kubwa si moshi wa trekta. Ni methani inayotoka tumboni mwa ng'ombe, na ni N2O, gesi ambayo vijidudu vya udongoni huitoa vinapokula naitrojeni ya mbolea. Kilo moja ya N2O hupasha dunia joto takriban mara 270 ya kilo moja ya hewa ukaa. Gesi hiyo haijali kama nyanya inaliwa Des Moines au Boston. Imeshatoka shambani.

Kwetu Afrika Mashariki si jambo la kusikia kwa mbali. Msamiati wa "maili za chakula" ulikomaa Uingereza miaka ya 1990, na mwaka 2007 ulibisha hodi Kenya. Tesco na Marks & Spencer walianza kubandika picha ya ndege kwenye mazao yaliyoletwa kwa ndege, na Soil Association, shirika linalotoa vyeti vya kilimo hai huko, lilikuwa linajadili kama mazao ya aina hiyo yanyimwe cheti. Mishiri na minji ya Kenya ikawekwa kizimbani kwa kosa la kuzaliwa mbali. Sasa, ndege ni chafu kweli, haina utetezi ukiilinganisha na meli. Ila mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Cranfield walilinganisha maua ya waridi 12,000 ya Kenya yaliyopanda ndege na 12,000 ya Uholanzi. Ya Kenya: takriban kilo 6,000 za hewa ukaa. Ya Uholanzi: takriban kilo 35,000, kwa sababu yalikuzwa kwenye nyumba za vioo zilizopashwa joto na kuwashwa taa. Kibandiko cha ndege hakikuwa na nafasi ya kuandika hayo.

Hapa kuna watu watakaofurahi na kusema: basi tumemaliza, chakula cha karibu ni utapeli. Kitabu kizima kiliandikwa kwa moyo huo, "The Locavore's Dilemma" cha Pierre Desrochers na Hiroko Shimizu, mwaka 2012. Hoja yao, kwa ufupi, ni kwamba kila eneo lizalishe linachoweza kwa bei nafuu zaidi, biashara ifanye mengine, na wanaotaka kula cha jirani wanacheza tu. Kwenye suala la maili wako sawa. Ila wakitaka kuitumia hoja hiyo hapa Iowa, wanafanya kosa lilelile la bango kwa upande wa pili: wanadhani swali ni umbali na bei, kisha wanalijibu vizuri. Swali la prairi halijawahi kuwa umbali. Swali ni nini kimepandwa, na nini kinatoka chini yake.

Hapa naomba nikae kidogo, ndiyo kazi yangu.

Mahindi na soya huishi shambani miezi michache tu, tuseme Mei hadi Septemba. Miezi iliyobaki udongo uko uchi. Prairi haikuwa hivyo: theluji ikiyeyuka tu, mizizi ilikuwa tayari chini, hai, inasubiri. Vijidudu vya udongo navyo havisubiri mkulima apande. Joto likianza kupanda mwezi Aprili vinaanza kuvunja mboji na mabaki ya mbolea na kuyageuza kuwa naitreti. Naitreti ina chaji hasi, na chembe za udongo wa hapa kwa jumla nazo ni hasi, hivyo haishikwi. Inaelea ndani ya maji. Mvua ya masika ya Iowa inashuka, hakuna mzizi wa kuinywa, naitreti inashuka nayo.

Kwingine ingeshuka taratibu. Iowa ya kaskazini na kati ni tambarare, na zamani ilikuwa nusu kinamasi. Wakulima walioipasua walifukia mabomba chini ya mashamba, mita moja hivi kwenda chini, ili maji yatoke upesi na trekta liingie. Wajukuu zao wanaendelea kuyafukia. Ukitembea kando ya mtaro utaona mdomo wa bomba unatiririsha maji meupe, safi kabisa kwa macho. Ndiyo hayo nayajaza chupani. Kikomo cha sheria kwa maji ya kunywa ni miligramu 10 za naitrojeni ya naitreti kwa lita, kilichowekwa kwa sababu ya watoto wachanga: naitreti ikizidi, damu yao hushindwa kubeba oksijeni na mtoto hugeuka rangi ya buluu. Kwenye midomo ya mabomba, majira ya kuchipua, kuvuka 10 ni jambo la kawaida sana.

Maji hayo huenda wapi? Chukua mji wa Adel, magharibi ya Des Moines. Kila Agosti Adel hufanya sherehe ya mahindi matamu na kuyagawa bure, yamechemshwa, yamepakwa siagi, foleni ndefu, muziki. Ni siku nzuri, nenda ukipata nafasi. Adel umekaa kando ya mto North Raccoon, ambao umepita kwenye mamia ya maelfu ya ekari za mahindi ambayo si matamu. Mto unashuka hadi Des Moines, na Des Moines wanaunywa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mamlaka ya maji ya mji huo ina mtambo maalumu wa kuondoa naitreti. Mwaka 2015 iliwashtaki wasimamizi wa mifereji ya kaunti tatu za juu ya mto, Sac, Calhoun na Buena Vista. Kesi ilitupwa mwaka 2017. Juni 2025 naitreti ilipanda mitoni kiasi kwamba wakazi wa eneo la Des Moines, watu wapatao 600,000, walipigwa marufuku kumwagilia nyasi, ili mitambo iweze kusafisha maji ya kutosha ya kunywa.

Kisichonywewa kinaendelea Mississippi hadi Ghuba ya Mexico, ambako kila kiangazi hulisha mwani, mwani unakufa, unaoza, unamaliza oksijeni, na eneo kubwa la bahari linabaki halina samaki. Naitreti nayo inasafiri, tena mbali kuliko saladi. Maili zake hakuna aliyezichapisha kwenye mfuko wa kitambaa.

Udongo nao unaondoka. Utafiti wa Evan Thaler na wenzake uliochapishwa mwaka 2021 ulikadiria kwamba takriban theluthi moja ya eneo linalolimwa katika ukanda wa mahindi wa Marekani imeshapoteza tabaka lote la juu, lile jeusi. Ukipita kwa basi mwezi wa Mei unaona kwa macho: vilele vya vilima vimepauka, mabonde meusi.

Sasa rudi kwenye meza ndefu ya shambani. Bango linamwambia mgeni kwamba tatizo la chakula ni lori linalotoka California. Lori hilo halina shina la chama wala mwanasheria, halipigi kura Iowa, na mwenye ekari elfu tatu za mahindi anaweza kukaa meza moja na mwenye ekari tatu za mboga, wakatikisa vichwa pamoja. Ndiyo maana namba inapendwa. Ingekuwa namba ya maji ya bomba la jirani, karamu ingeharibika kabla ya supu.

Ubaya ni kwamba bango linauza kwa sababu dhaifu kitu chenye sababu nzuri. Kituo hichohicho cha Leopold kilisambaza hesabu nyingine: mwaka 1920 kulikuwa na mazao na mifugo ya aina 34 iliyozalishwa kwa kuuza kwenye angalau asilimia 1 ya mashamba ya Iowa. Mwaka 1997 zilibaki 10. Kutoka 34 hadi 10, hiyo ndiyo namba ningeibandika ukutani, maana inaeleza kwa nini mizizi haipo Aprili. Oti hupandwa mapema masika. Alfalfa, majani ya mifugo jamii ya kunde, hukaa ardhini miaka kadhaa. Tufaha ni mti. Kila zao lililoondoka liliacha mwezi fulani wa mwaka bila mlinzi.

Kurudisha mengine inawezekana, na si ndoto ya washairi. Kwenye shamba la majaribio la Marsden, nje kidogo ya Ames, watafiti walilinganisha mzunguko wa kawaida wa mahindi na soya na mizunguko ya miaka mitatu na minne iliyoongezwa oti, karafuu-majani na alfalfa, pamoja na samadi. Matokeo ya 2003 hadi 2011, yaliyochapishwa mwaka 2012 na Adam Davis na wenzake, ni kwamba mbolea ya viwandani na dawa za magugu zilipungua kwa kiasi kikubwa sana, mavuno hayakushuka, na faida ilikuwa ileile. Utauliza, basi mbona wakulima hawajahamia huko? Kwa sababu mzunguko mrefu unadai kazi zaidi, unadai mifugo, na zaidi ya yote unadai mtu wa kununua hiyo oti na hayo mengine. Mahindi yana ghala la kununulia kila mji. Oti haina.

Na hapo gulio linapata maana yake. Gulio, jiko la shule, hospitali inayonunua viazi vya jirani, hivi ni vijisoko vichache vinavyolipia kitu ambacho si mahindi wala soya. Mwenye kununua karoti pale haokoi hewa ukaa ya kutajika. Anamlipa mtu abaki na zao la tatu.

Kuna mahali nimeliona hilo kwa karibu zaidi, na ni kwa watu wa lugha yetu. Des Moines ina Warundi na Wakongo wengi waliofika kama wakimbizi, na shirika la Lutheran Services in Iowa lina mradi unaoitwa Global Greens, unaowapa viwanja vya kulima na kuwafundisha masoko ya hapa. Ukienda kununua utasikia Kiswahili, Kirundi na Kinepali kwa pamoja, na utakuta mchicha, ambao Wakongo watakusahihisha kwamba ni lengalenga, na zile nyanya chungu ambazo Warundi huziita intore. Mama mmoja aliyetoka upande wa Uvira, nilipomwamkia na kumuuliza habari za shamba, alicheka akasema mahindi ya nchi hii ni mengi hadi yanatisha usiku, ila unga wa bugali wananunua dukani kama kila kitu kingine. Sijasikia ukosoaji wa kilimo cha Iowa uliobana namna hiyo, na nimehudhuria semina nyingi.

Wakulima wa aina yake hawakuwa wakiuza kwa wapita njia pekee. Serikali ya shirikisho ilikuwa na mpango uliozipa benki za chakula fedha za kununua kutoka kwa wakulima wadogo wa jirani, na mwingine wa aina hiyo kwa ajili ya shule. Machi 2025 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliifuta yote miwili, fedha zilizokuwa zimekusudiwa zikiwa jumla ya takriban dola bilioni 1. Mkulima wa ekari moja aliyekwisha agiza mbegu kwa kutegemea mnunuzi huyo aliambiwa mnunuzi hayupo. Kwenye magulio kiangazi kile mabango ya maili 1,500 yaliendelea kuning'inia kama kawaida.

Narudi kwa waliotupa namba yenyewe, kwa sababu yaliyowapata yanasomeka vizuri kando yake. Leopold Center haikuanzishwa kupima maili. Ilianzishwa na sheria ya jimbo ya mwaka 1987 ya kulinda maji ya ardhini, na ikagharimiwa na tozo kwenye mbolea ya naitrojeni na viuatilifu: anayechafua alipie utafiti wa uchafu. Ilifanya hivyo kwa miaka thelathini, na utafiti wa umbali ulikuwa kazi moja kati ya nyingi, zikiwemo za kuchunguza mizunguko ya mazao na maji. Mwaka 2017 bunge la jimbo lilipiga kura kuifunga. Gavana alizuia kufungwa lakini fedha ziliondoka, zikaelekezwa Iowa Nutrient Research Center, kituo kingine cha chuo hichohicho. Kituo hicho kikawa kinagharimia mtandao wa vihisio vilivyozamishwa mitoni jimbo zima, vinavyopima naitreti saa kwa saa na kuionyesha kwa yeyote mwenye simu. Mwaka 2023 bunge likaondoa dola 500,000 kwenye fungu la kituo hicho, na tangu hapo watunza vihisio wamekuwa wakitembeza bakuli kwa wafadhili.

Gharama ya namba ya naitreti ni betri, kamba, kijana wa kushuka mtoni kusafisha kihisio kila baada ya muda, na mbunge asiyekasirika. Ile ya maili 1,500 haina gharama yoyote, ilishapimwa 1998. Nimewapendekezea waandaaji wa karamu moja ya shambani mwaka huu, kwa barua ya heshima zote, kwamba kando ya menyu waandike kipimo cha siku hiyo cha mto ulio karibu, miligramu ngapi kwa lita, basi. Kipimo hicho bado kipo, kinapatikana bure, na kwa mto wao kihisio kilikuwa kinafanya kazi nilipoangalia jana usiku. Wamenijibu kwamba watalijadili kwenye kamati.